Batumbula Hawana Kitabu

Mabishano juu ya bei ya vitabu vya shule mmekwisha kuyasikia, hatutayarudia. Bei ni mzigo, wazazi wa mitaa yetu ya Katuba na Ruashi wanajua. Sisi hapa redioni kinachotukosesha usingizi ni kingine. Mtoto wa Lubumbashi atasoma hadithi gani ya kutisha kwa Kiswahili cha kwao?

Ndiyo, ya kutisha. Nkambo wangu alikuwa akisonga bukari juu ya mbabula, umeme umekatika, makala yanamwangaza kidevu tu, akitusimulia batumbula wa miaka ya 1940: watu waliokamata wenzao usiku ili wazungu wawanenepeshe, wawale. Akifika penye hatua za miguu nyuma ya nyumba, ananyamaza, anageuza mwiko mara mbili. Usiku ule hakuna aliyethubutu kutoka nje. Hadithi ile mtoto ataisoma wapi? Kitabu hakipo.

Zanzibar kitabu cha namna hiyo kipo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia magazetini. Aliuchukua mzimu, mahali pa kuogopwa, akalaza maiti pale, kisha akamleta mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake aulize maswali. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la hadithi za Kiswahili la 1957–58, kikachapishwa 1960. Mwaka 1968 akatoa Kisima cha Giningi, na Giningi kwa Waunguja ni mji wa wachawi. Msomaji anatetemeka kwanza, halafu anajikuta anauliza: nani ameua?

Nasi tunalo la kuuliza. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma walipigwa risasi katika mji huu huu, kwenye uwanja wa mpira. Aliyeyaona hayo, akiambiwa baadaye kwamba mzungu anakula watu, angekataa kwa sababu gani? Hapo ndipo mwandishi angeanzia. Kitabu hakipo.

Msituambie Kiswahili chetu hakiandikiki! Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville, jina la zamani la mji huu, kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya maboi wa zamani. Katiba ya 2006 inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Mwandishi Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa hapa, anasomwa duniani kote, lakini anaandika kwa Kifaransa. Hatumlaumu. Tunasema tena: kitabu cha batumbula kwa Kiswahili hakipo.

Basi mwalimu wa mtaa wa Kamalondo, mwalimu wa mtaa wa Kenya, Ijumaa hii wape watoto kazi: waende kwa nkambo na daftari. Waandike kama anavyosema, kwa maneno yake, wasimsahihishe. Wenye mashine za kuchapa, msingojee Kinshasa. Wazee wanaojua habari hizi tunawazika kila wiki. Vijana, nendeni! Nendeni jioni hii, mbabula ikiwa bado na moto, mkae chini, mwambieni aanze na zile hatua za nyuma ya nyumba.