Televisheni ya Taifa ni Mali ya Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mkutanoni Changamwe)



Kwanza twawashukuru ndugu zetu wa Likoni waliovuka feri baada ya shifti ya usiku bila ya kwenda kulala, na ndugu wa Kisauni waliopanda matatu mbili ili wafike hapa. Twajua nyinyi nyote mmechoka. Hatutawaweka sana.

Katika mikutano yetu tumezoea kusema habari za mishahara, kodi za nyumba na saa za kazi. Leo tumeombwa tuseme habari za televisheni ya taifa. Huenda wako watakaouliza: televisheni na chama cha wafanyakazi vyahusiana wapi? Jawabu letu ni fupi. Kitu kilichojengwa kwa kodi ya mfanyakazi, mfanyakazi ana haki ya kukiulizia hesabu. Na hesabu ya kitu huanza kwa kujua kilitoka wapi.

Ndugu, televisheni ni mtoto wa redio. Redio ya Kenya ilianza katika miaka ya 1920, nayo iliwekwa kwa ajili ya walowezi, kwa Kiingereza. Mwafrika alianza kusemeshwa kwa lugha zake wakati wa vita vya pili, kwa sababu vijana wake walikuwa vitani na serikali ilitaka jamaa zao wapate habari. Baadaye, katika miaka ya 1950, sisi wa Pwani tulikuwa na Sauti ya Mvita, iliyokuwa ikitangaza kutoka hapa hapa Mombasa. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia: watu wa Mombasa walikuwa na sauti yao hewani kabla ya Kenya kuwa na televisheni.

Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliunda idara ya utangazaji, na mwaka 1961 likaundwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, kwa ushirika wa makampuni ya ng'ambo yaliyokuwa na ujuzi wa televisheni. Mwaka 1962 televisheni ikaanza. Mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na nguvu yake ilifika maili kumi na tano tu. Maili kumi na tano kutoka Limuru ni Nairobi na viunga vyake. Hakuna kuli, hakuna mfanyakazi wa reli wa Changamwe, hakuna mvuvi wa Mtongwe aliyeona hata kivuli cha picha hizo.

Baada ya Uhuru serikali ilisema kwamba chombo kikubwa namna hii hakiwezi kuachwa mikononi mwa watu wa nje. Waziri wa Habari wakati huo alikuwa Achieng Oneko, mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria. Mwaka 1964 Bunge lilipitisha sheria, shirika likavunjwa, ikazaliwa Sauti ya Kenya, idara ya serikali. Jina lilikuwa zuri. Lakini kwetu sauti hiyo ya picha ilichelewa. Kituo cha televisheni cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 1970, miaka minane baada ya Limuru.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kituo kile cha 1970 kilifunguliwa kwa kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kupokea matangazo ya Nairobi na kuyapeleka mbele. Kazi ya pili ilikuwa kutengeneza vipindi hapa hapa. Kupokea na kutengeneza ni kazi mbili mbalimbali. Bomba hupokea maji na kuyapitisha, lakini bomba si kisima. Swali letu leo ni hili: katika miaka yote iliyopita, televisheni ya taifa imetufanya sisi wa Pwani kuwa bomba au kisima?

Tusiseme kwa chuki. Tuseme mema kwanza, maana yako mengi. Wazee walioko hapa wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Matangazo yalianza jioni, na usiku yakafungwa kwa wimbo wa taifa. Katika mtaa mzima nyumba yenye televisheni ilikuwa moja au mbili, na watoto walijaa dirishani mpaka mwenye nyumba akafunga pazia. Rangi zilikuja mwaka 1978, lakini wengi wetu tuliendelea na nyeusi na nyeupe miaka mingi baadaye. Zilipokuja zile televisheni ndogo za Great Wall, zilizoweza kutumia betri ya gari, hata nyumba zisizo na stima ziliangalia. Kijana alipanda juu ya paa kugeuza eriali, na walio ndani wakapiga kelele: "Basi! Hapo hapo! Usiiguse!"

Tuliangalia nini? Saa moja usiku tulisikia habari kwa Kiswahili, na saa tatu kwa Kiingereza. Jambo hili si dogo. Mfanyakazi asiyejua Kiingereza alipata habari za dunia sawasawa na mkubwa wake, tena saa mbili kabla yake. Tuliona michezo ya sinema za Marekani na Uingereza, na mpira wa Ujerumani. Lakini vipindi vilivyoingia moyoni ni vile vya kwetu. Vioja Mahakamani vilituonyesha mahakama na sheria kwa kicheko. Vitimbi vilitupa Mzee Ojwang na Mama Kayai, na ugomvi wao tukaujua kama ugomvi wa jirani. Tushauriane na Tausi ilikuwa michezo mirefu ya Kiswahili ambayo watu walikatiza safari kuiangalia. Naye Leonard Mambo Mbotela, mwana wa Mombasa, wa ukoo wa Frere Town pale Kisauni, alituuliza kwa miaka mingi, "Je, Huu ni Ungwana?" Alianza kwa redio mwaka 1966, na baadaye akatuuliza kwa televisheni. Amefariki mwaka 2025, na swali lake bado liko.

Tena swali hilo ni la kuulizwa kwa shirika lenyewe.

Kwanza, habari ya siasa. Katika siku za chama kimoja, taarifa ya habari ilianza na Rais, ikaendelea na Rais, na mara nyingi ikaisha na Rais. Mfanyakazi alionekana akipiga makofi tu. Jinsi chombo hiki kilivyohesabiwa kuwa kiti cha utawala ilionekana tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga waliotaka kupindua serikali walikwenda kushika Sauti ya Kenya, na ni Mbotela huyo huyo aliyelazimishwa kwa bunduki kutangaza. Mwaka 1989 sheria mpya ililirudishia jina la zamani, KBC, likawa shirika tena. Mwaka 1990 ikaja KTN, na kwa mara ya kwanza mwananchi akawa na mahali pengine pa kugeuzia kitufe.

Pili, habari ya kazi. Mzee Ojwang, ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, aliichekesha nchi hii kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini. Alipokuwa mzee na macho yakamsumbua, wananchi walimchangia pesa za matibabu. Alifariki mwaka 2015. Twawasifu waliochanga. Lakini sisi wa chama yatupasa kuuliza: mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo kwa nini achangiwe? Ni kwa sababu mwigizaji alihesabiwa kama kibarua. Alilipwa kwa kipindi alichofanya, na kipindi kilipokwisha hakuwa na dai. Picha yake hurudiwa, watu hucheka tena, naye hapati kitu. Makuli wa Mombasa wanalijua jambo hili. Baba zetu waliogoma mwaka 1947 na tena mwaka 1955 walijua maana ya kuitwa leo na kuachwa kesho.

Tatu, habari ya deni. Mwaka 1989 ulichukuliwa mkopo mkubwa wa Japani ili kufanya mitambo ya KBC kuwa ya kisasa. Deni hilo liliwalemea kwa miaka mingi. Nyumba yenye deni haiwezi kuajiri vijana wala kutuma kamera Likoni kila wiki. Ndipo vipindi vya nje, vilivyo rahisi kununua, vikajaza saa zilizopasa kuwa zetu.

Mwaka 2015 mitambo ya zamani ilizimwa, tukaingia katika digitali. Sasa mtu wa Mishomoroni akinunua kingamuzi anapata vituo vingi kuliko vidole vyake. Twafurahi. Lakini hesabuni wenyewe: katika vituo vyote hivyo, ni saa ngapi kwa wiki zinazozungumza habari za Changamwe? Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, wakafa watu 272, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Hakuna mtaa wa Likoni usiokuwa na jamaa wa marehemu. Watoto waliozaliwa baada ya siku ile sasa ni watu wazima, nao wanavuka kivuko cha Likoni kila asubuhi. Ni nani atakayewatengenezea kipindi kizuri cha kuwaeleza yaliyotokea, kwa Kiswahili, na waliookoka wakiwa wangali hai waweze kusema? Kituo cha biashara kitauliza kwanza, tangazo la sabuni litaingia wapi? Kituo cha umma hakina ruhusa ya kuuliza hivyo. Hiyo ndiyo tofauti ya mali ya umma na duka.

Na msituambie haiwezekani. KBC hiyo hiyo ina redio ya Pwani FM inayotangaza kutoka Mombasa, kwa lafudhi yetu, na watu wanaisikiliza nyumbani na makazini. Lililowezekana kwa sauti laweza kuwezekana kwa picha.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 34, yasema kwamba vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua habari zao, visipendelee upande, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni mbalimbali, hata ya wanaopinga. Basi siku ya mgomo tazameni kamera imesimama wapi. Ikisimama ndani ya lango pamoja na meneja peke yake, hiyo si haki. Na isimame ndani kwa nusu saa, kisha itoke nje kwetu kwa nusu saa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne.

1. Chama kiandike barua kudai vipindi vya televisheni vitengenezwe Mombasa kila wiki, kwa Kiswahili, juu ya maisha ya watu wa kazi.

2. Waigizaji na mafundi wa vipindi wawe na mikataba iliyoandikwa, na walipwe kipindi kinaporudiwa.

3. Kanda na picha za zamani, tangu siku za Sauti ya Kenya, zitunzwe na kufunguliwa kwa wananchi. Humo mna nyuso za baba zetu.

4. Kila tawi lichague mtu mmoja wa habari. Hili ni letu sisi wenyewe. Twalalamika kwamba hatuonyeshwi, lakini tukifanya mkutano hatumwambii mwandishi hata mmoja. Asiyeita haitikiwi.

Ndugu, sisi tunaopakua mizigo ya meli twajua kwamba kila shehena ina cheti, na cheti kina jina la mwenyewe. Televisheni ya taifa nayo ina mwenyewe. Kituo cha Mombasa kilijengwa kwa kodi, deni la Japani ni deni la wananchi. Jina lililo katika cheti ni letu. Basi twendeni tukaulizie mzigo wetu, kwa adabu na kwa umoja, wala tusichoke kabla ya kujibiwa.

Maswali sasa. Na ndugu wa Likoni waanze, maana feri haingoji mtu.