Kabla ya kununua prosesere, tufungue sanduku kwanza

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Pweto, Jumapili mchana. Katibu ameyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Kamati imeniomba niseme juu ya mashini yetu ya biro. Mnaijua: njo inachunga liste ya michango, liste ya likelemba, na majina ya familia zilizorudi kutoka Mantapala tangu misafara ya HCR ilipoanza Desemba 2021. Sasa ni wiki ya tatu inawaka, inafanya dakika kumi, inazimika yenyewe. Kuna mtu aliiangalia kwa nje tu, hakufungua hata skuru moja, akasema: "Prosesere imekufa, mununue ingine ku Lubumbashi." Bei aliyotaja ni karibu nusu ya kisanduku chetu cha misiba na wagonjwa. Leo tunatakiwa kupiga kura juu ya ile franga. Mimi naomba tusipige kura leo, na nitaeleza sababu.

Kwanza, prosesere ni nini? Kule Zambia tulizoea kusema prosesa, huku wanasema prosesere, ni kitu kimoja. Ni kibamba kidogo cha mraba, kinaenea mu kiganja cha mtoto, njo kinafanya hesabu zote za mashini. Lakini hakichungi maandishi yenu. Maandishi yanakaa ku diski, kitu kingine kabisa. Kwa hiyo bamama wa likelemba wasiogope: hata prosesere ikitolewa na kubadilishwa, majina na franga zenu hazifutiki. Na hata hivyo, kabla ya kugusa chochote tunakopi zote mu flashi. Mashini ikikubali kuwaka dakika kumi, zinatosha.

Prosesere ikifanya kazi inatoa joto kali. Juu yake kuna radiateri, na juu ya radiateri kuna ventilateri. Madereva wananielewa haraka: gari bila maji mu radiateri halifiki mbali, na hakuna dereva atakayesema moteri imekufa kabla ya kuangalia maji. Mashini yetu ikiona joto limepita kiasi, inajizima ili isiungue. Kuzimika baada ya dakika kumi kunafanana sana na ile. Prosesere iliyokufa kweli haiwaki hata dakika moja.

Sasa mukumbuke ile mashini ilifikaje hapa. Ilitoka Lubumbashi juu ya kamyo, njia ya Kasomeno, wakati wa mvua, chini ya mifuko ya unga. Radiateri ya aina yake inashikwa na miguu minne ya plastiki inayoingia mu matundu ya ubao mkubwa wa ndani, ile mafundi wanaita karte-mere. Mitikisiko ya namna ile inaweza kuchomoa mguu mmoja. Radiateri inainama kidogo tu, huwezi kuona kwa mbali, lakini haigusi tena prosesere vizuri. Ongeza vumbi la kiangazi, ongeza pati iliyokauka. Pati ni yale mafuta mazito ya kijivu kati ya prosesere na radiateri. Kazi yake ni kupitisha joto. Ikikaa miaka inakuwa sawa udongo mukavu.

Nawaambia hii kwa sababu niliisha kuharibu. Wakati tulikuwa Mantapala nilikuwa ninajifunza kwa fundi mmoja pale Nchelenge. Kikundi cha bamama wauza samaki walileta mashini yao, yenye deni zote za wateja. Nilikuwa na haraka. Sikuipasha moto kwanza, nilishika radiateri nikavuta juu kwa nguvu. Pati ilikuwa imeshika sawa gundi: radiateri ilitoka pamoja na prosesere, na kishikio cha pembeni bado kilikuwa kimefungwa! Prosesere ya aina ile, ya AMD, ilikuwa na miguu midogo kwa chini, mamia, myembamba kuliko sindano. Mingi ilipinda. Nilijaribu kuinyoosha na ncha ya kisu, miwili ikavunjika mu mkono yangu. Mashini ilikuwa nzima asubuhi, ilihitaji tu kupanguswa. Mangaribi ilikuwa kufa. Nililipa kidogo kidogo, miezi saba, na mama mmoja wa kile kikundi mpaka leo ananiita "Muvunja-miguu".

Basi namna ya kufanya ni hii. Unawasha mashini dakika chache, pati ipate joto ilainike. Unazima, unachomoa waya wa umeme kabisa, unabonyeza tena kifungo cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Vua koti la nilo, gusa chuma cha sanduku kwa mkono mtupu, na urudie kugusa mara kwa mara. Kiangazi huku hewa ni kavu, ile cheche ndogo unayosikia ukivua blanketi inatosha kuua kitu cha ndani bila wewe kuona. Halafu angalia ile miguu minne ya plastiki. Kila mmoja una mshale kwa juu: unauzungusha kufuata mshale, unauvuta. Chomoa na waya wa ventilateri. Radiateri usiivute, izungushe kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka isikie imeachia.

Na pale unasimama. Prosesere unaiacha ku kiti chake. Unapangusa pati ya zamani ukitumia kitambaa laini na alikoli ya farmasi, ile ya digrii 90. Lutuku hapana! Najua kuna mtu amekwisha kuwaza. Ina maji na uchafu wake. Na dawa ya meno pia hapana, hata kama vijana wanasema inasaidia. Inasaidia siku chache, inakauka. Pati mpya unaweka kiasi cha punje moja ya mchele katikati. Unarudisha radiateri, unasukuma miguu kwa pembe zinazotazamana mpaka inalia "ka".

Ikiwa ni lazima kweli kutoa prosesere, ya mashini yetu ni Intel ya kiti cha 775. Ile haina miguu. Miguu iko ku kiti, 775 yote, na ukiangusha kitu juu yake au ukipitisha kidole, umeua karte-mere nzima. Unafungua kishikio, unainua kifuniko, unashika prosesere kwa kingo, unainua wima. Mpya ina vikato viwili pembeni na pembetatu ya dhahabu ku pembe moja. Vinakuambia inakaa upande gani. Inaanguka yenyewe mu nafasi yake bila kusukumwa. Nguvu inatumika mahali pamoja tu, kufunga kile kishikio, na pale hata ikilia kidogo usishtuke.

Tena si kila prosesere inayoenea itakubaliwa. Mu kiti cha 775 ziliingia Pentium 4 za zamani na hata Core 2 Quad, lakini kila karte-mere ina zake inazozijua. Kwa hiyo mtu akitumwa Lubumbashi, abebe jina la karte-mere limeandikwa ku karatasi. Na wenye mashini za kubeba: nyingi za miaka hii, prosesere imechomelewa ku ubao. Mtu akikuambia ku soko "naibadilisha saa moja", chukua mashini yako, rudi ku nyumba.

Nimekuja na turnavisi, alikoli na kipande cha pati. Vyote ni bei ya chupa mbili za Simba. Ikishindikana, nitaangalia alimentasiyo na vile vikopo vidogo vya ubao kama vimevimba juu, na Jumapili ijayo mutapiga kura mukijua munanunua nini. Katibu amekwisha kukopi liste mu flashi, nimeiona kwa macho yangu.

Vijana wawili wakaribie, mmoja na torchi. Bamama, musogeze ile sahani ya karanga mbali kidogo na meza.