Vyombo vya Nyumbani katika Meza ya Pasaka

Mahubiri ya Jumapili ya Matawi



Leo tumetoka kanisani tukiwa na matawi mikononi. Wengi wetu tumekwisha kuyachomeka mahali pake: nyuma ya msalaba wa ukutani, juu ya mlango, au kandokando ya picha ya marehemu baba. Yatakaa hapo mwaka mzima, yakikauka na kubadilika rangi, mpaka tutakapoombwa kuyarudisha kanisani ili yachomwe na kuwa majivu ya Jumatano ya Majivu. Hivyo pambo la kwanza la Pasaka limekwisha kuingia nyumbani, wala hatukulinunua dukani. Twapenda kuzungumza leo juu ya mapambo yatakayolifuata, kwa maana kuanzia kesho akina mama watafua mapazia, vijana watatumwa kukata nyasi, na kabati la vyombo litafunguliwa.

Huenda mtu akauliza kama jambo la vyombo na vitambaa lastahili mahubiri. Lastahili. Bwana wetu alipotaka kula Pasaka na wanafunzi wake, Mwinjili Marko atueleza kwamba palikuwa na ukumbi ghorofani, mkubwa, uliokwisha kuwekwa tayari. Basi yuko mtu, ambaye jina lake hatukupewa, aliyeufagia ukumbi ule, akautandika, akaviandaa vyombo. Hakujua kikombe cha nyumbani mwake kingekuja kutumika kwa jambo gani. Tena asubuhi ya siku ya tatu, Petro na yule mwenzake walipofika kaburini hawakukuta sauti wala mwanga. Walikuta vitambaa, na kile kilichofunika kichwa kilikuwa kimekunjwa na kuwekwa mahali pake peke yake, kama Yohane anavyoshuhudia katika sura ya 20. Habari ya ufufuko iliwafikia kwanza kwa njia ya kitambaa kilichokunjwa. Akina mama mtakaoinama kesho juu ya beseni la kufulia, msiidharau kazi yenu.

Zipo kadi za Pasaka zitokazo Ulaya ambazo twazijua sote. Zimechorwa sungura, mayai ya rangi na maua yachomozayo katika theluji inayoyeyuka. Wenzetu wa huko wana sababu zao: Pasaka huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa baada ya tarehe 21 Machi, na majira hayo kwao ni majira ya miti kuvaa majani baada ya baridi ndefu. Kwetu Karagwe na Kyerwa migomba haivui majani, na Pasaka hutukuta katikati ya masika. Njia ya kwenda Misa inateleza, maharage yako shambani, na nguo zilizofuliwa Alhamisi huenda zikawa mbichi hata Jumamosi. Ama mayai, katika nyumba nyingi huuzwa ili kununua sabuni na chumvi, na mama ambaye angeyapaka rangi yawe mapambo angeulizwa na jirani kama ana homa. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau wenye kadi. Twasema tu kwamba anayetaka kuipamba nyumba kwa Pasaka hana haja ya kwenda kuazima majira ya watu wengine.

Sisi tulirithi nini? Tulirithi kwanza nyasi. Wazee wetu waliokaa katika nyumba za msonge walitandaza sakafuni nyasi laini zilizokatwa na kukaushwa, na siku ya sherehe nyasi kuukuu ziliondolewa, zikaletwa mpya, hata mtu aliyekuwa akipita njiani alijua kwa harufu kwamba nyumba ile ina sikukuu. Leo wengi tuna saruji, na wengine vigae. Lakini twawajua watu ambao mpaka sasa hutandaza nyasi usiku wa Pasaka juu ya saruji hiyo hiyo, watoto wakagaagaa humo. Tulirithi jani la mgomba, lililokuwa meza, sahani na kitambaa kwa wakati mmoja: ndizi zilimiminwa juu yake zikifuka moshi, na ukoo mzima ukalizunguka. Tulirithi vikapu vilivyosukwa kwa subira, na kile kidogo chenye kifuniko, ambacho mgeni huletewa ndani yake kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa habari za safari. Na katika nyumba za wafugaji tulirithi ekyanzi, chombo cha maziwa kilichochongwa katika mti, chenye kifuniko cha kusukwa, kilichofukizwa moshi mpaka maziwa yakapata harufu ambayo hakuna chombo cha plastiki kitakachoweza kuitoa.

Baadaye vikaja vingine, navyo ni urithi pia, ingawa vilitoka dukani. Mabakuli ya bati yenye maua mekundu ubavuni. Birika la mama aliloletewa siku ya harusi. Vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vinavyofunika migongo ya viti na meza na redio. Kitambaa cha ukutani kilichodariziwa maneno ya kumkaribisha mgeni, na herufi moja imekosewa, nayo ikaachwa hivyo kwa miaka 30. Twaviona vitu hivi kuwa ni mapambo bora kuliko maua ya plastiki yauzwayo mnadani, si kwa sababu ni vya kale, kwani ukale peke yake si fadhila, bali kwa sababu kila kimoja kina mtu nyuma yake.

Lakini viko wapi? Ekyanzi limekuwa la kutilia mbegu za maharage, limejaa masizi juu ya dari. Kikapu cha kahawa kimewekwa misumari. Nayo mabakuli mazuri yamefungiwa kabatini, nyuma ya kioo, tukiyaita vyombo vya wageni, na ufunguo umefichwa mahali ambapo hata mwenye nyumba husahau.

Historia ya nchi yetu yatupa mfano wa hazina ya namna hiyo. Mfalme Rumanyika wa Karagwe, aliyewapokea Wazungu Speke na Grant mwaka 1861, alikuwa na nyumba ya pekee ya kuhifadhi vitu vya thamani vya ufalme. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa humo sanamu ndogo za ndege na za ng'ombe zilizofuliwa kwa shaba, pamoja na silaha na vifaa vya heshima. Mafundi wa Karagwe walifua pia ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, kazi ambayo wataalamu wanaistaajabia hata leo. Hazina ya mfalme ilistahili kuwa na nyumba yake, kwa kuwa ilikuwa alama ya mamlaka, nayo ilionyeshwa kwa wachache. Bakuli la bati halikufanyizwa kwa kazi hiyo. Lilifanyizwa litiwe mchuzi.

Mtakumbuka alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, ardhi ya mkoa wetu ilipotikisika. Watu zaidi ya kumi walipoteza uhai, wengi wao wa upande wa Bukoba, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa. Mbele ya vifo hivyo si vizuri kulilia sahani, na hatuzililii. Hata hivyo baadhi yetu tuliporudi ndani tulikuta kabati limelala kifudifudi, na katika vigae vile vilivyotapakaa tukavitambua vikombe vilivyongoja mgeni kwa muda wa miaka 20. Mgeni huyo hakuja. Watoto wa nyumba ile walikua, wakaoa, wakahama, wala hawakuvinywea hata siku moja. Twauliza: kama watoto wako hawakuwa wageni wa kutosha, ulikuwa ukimngoja nani?

Basi Pasaka hii kabati na lifunguliwe. Na vitu vikishawekwa mezani, watoto watauliza, kama Maandiko yalivyotaka wao waulize. Katika Kitabu cha Kutoka, Mungu alipoagiza sherehe ya Pasaka, aliagiza pia kwamba watoto watakapouliza maana ya ibada ile wajibiwe. Katika Kitabu cha Yoshua mawe 12 yaliwekwa huko Gilgali, ili siku moja mtoto aulize ni mawe ya nini. Meza isiyomfanya mtoto aulize lolote ni meza ya hotelini. Mtoto akiuliza habari za bakuli lililobonyea, aambiwe. Akiuliza kwa nini bibi hakubali sufuria ile nyeusi itupwe, aambiwe pia, hata kama jibu ni zito.

Maana majibu mengine ni mazito kweli. Mwaka 1994 Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili, na juma lile lile, upande wa pili wa Mto Kagera, mauaji ya kimbari yalianza. Mto wetu ulibeba maiti mpaka Ziwa Viktoria. Watu walivuka kuja kwetu wakiwa na kitu kimoja tu kichwani, aghalabu sufuria, na kambi zikajaa katika nchi yetu mpaka mwisho wa mwaka 1996. Wale waliokuwa watu wazima wakati huo walijifunza ni kitu gani mtu hubeba akiwa na nafasi ya kubeba kimoja. Habeba pambo. Hubeba chombo cha kuwalishia watoto wake.

Kuna jibu jingine lililo karibu zaidi, nasi hatutalikwepa kwa kuwa ni Juma Kuu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera. Miaka iliyofuata ilizifunga nyumba nyingi. Bibi alibaki na wajukuu, na kikombe kimoja chenye mpini uliovunjika kikawa ndiyo habari yote aliyokuwa nayo mtoto juu ya mama yake. Lakini kabla ya kikombe hicho kusalia, palikuwa na siku ya kuanua matanga, na siku hiyo ndugu wa mume walikuja. Mmoja alitwaa baiskeli, mwingine godoro, mwingine masinia na sufuria kubwa, wakisema ni mali ya ukoo. Mjane alisimama mlangoni akitazama vitu alivyovinunua kwa maharage yake mwenyewe vikitoka kimoja kimoja. Jambo hili halikuwa la ugonjwa ule peke yake, wala halijakoma. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri lililotoka huku kwetu Kagera, ilitamka kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ana haki ya kuiuza sawasawa na mwanamume. Hukumu ile ilikuwa ya ardhi, nayo ni kubwa. Sufuria haina wakili.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja, ninyi mlio Kayanga na Omurushaka, Nkwenda na Kaisho, Bweranyange na Murongo, na popote mnapotusikia. Kabla hamjatandika kitambaa cha Pasaka, tazameni vyombo vyenu mkiuliza kila kimoja kilitoka wapi. Pengine liko sinia zuri sana, pana, lenye kung'aa, nalo ndilo mlilokusudia kulipakulia ndizi za sikukuu. Na mwenye sinia hilo anakaa vilima viwili kutoka kwenu, na Jumapili atapakua kwa ungo. Katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, Nabii Elisha alimwambia mjane mwenye deni aende kwa majirani akaazime vyombo, tena visiwe vichache, naye alipewa. Mafuta hayakukoma mpaka vyombo vilipokwisha. Majirani wale walitoa vyao kwa mjane. Sisi tumeshika vya mjane.

Juma hili lina utaratibu wake, nao utatusaidia. Alhamisi Kuu jioni, baada ya Misa, altare huvuliwa vitambaa vyote. Ijumaa Kuu huwa tupu, hakuna ua wala mshumaa juu yake, na tupu hiyo yasema kuliko mahubiri yetu. Hata ibada ya Ijumaa inapoletewa kitambaa, huondolewa tena baada ya Komunyo. Usiku wa Jumamosi, Mshumaa wa Pasaka ukishawashwa, ndipo pambo hurudi. Nyumba nazo na zifuate hivyo hivyo. Alhamisi ondoeni vilivyo juu ya meza, mvioshe, mvitenge vilivyo vyenu na visivyo vyenu. Meza na ikae tupu Ijumaa nzima, watoto waione.

Jumamosi asubuhi, visivyo vyenu virudishwe. Virudishwe mchana, si usiku, na mtu mzima wa nyumba avipeleke mwenyewe, asitumwe mtoto. Asianze kwa maelezo marefu juu ya marehemu na ukoo. Aseme, "Shemeji, hiki ni chako," au "Mama, hiki ni chako," kisha anyamaze, na akiambiwa maneno makali ayapokee. Nanyi mwajua desturi ya huku kwetu, kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Basi sinia litiwe ndizi, sufuria itiwe maharage, na juu yake iwekwe nyama kidogo ikiwa ipo, ili mjane naye apate cha kupika usiku wa Pasaka. Jioni, nyasi mpya zikishatandazwa, pakueni katika vyombo vitakavyokuwa vimebaki, na vikipungua, majani ya mgomba yako nyuma ya nyumba.

Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.