Nani analipa karatasi?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati iliniomba niseme juu ya ukurasa wa afya wa gazeti letu. Habari mnaijua. Muuzaji mmoja wa dawa anataka kutulipia karatasi na wino wa mwaka mzima, na sisi tumwachie ukurasa ule aandike juu ya dawa zake. Wengi mmefurahi. Makuta hatuna, hilo hakuna anayeficha.

Mimi ni muuguzi. Kabla ya kurudi nilifanya kazi kambini Nyarugusu, kule Tanzania. Daktari mmoja alituachia rundo la gazeti la Kifaransa, jina lake Prescrire, yaani kuandikia mgonjwa dawa. Nilizoea magazeti ya waganga yenye picha za vidonge kila ukurasa. Humu hakuna hata tangazo moja. Nikajiuliza: sasa hawa watu wanakula nini?

Kumbe wanakula kwa wasomaji wao. Lilianza Ufaransa mwaka 1981, na kundi la wafamasia na madaktari, kati yao Danielle na Gilles Bardelay. Waliona kwamba daktari anajifunza dawa mpya kwa mdomo wa yule anayeiuza. Mwanzoni serikali iliwasaidia. Tangu 1992 ni fedha za wanaojiandikisha tu. Anayeandika anatia sahihi kwamba hana fungamano na kiwanda cha dawa. Tena makala nyingi hazina jina la mtu. Moja inapita mikononi mwa wengi, inakosolewa, inaandikwa upya, mpaka inakuwa ya wote. Kusoma kunachosha, sidanganyi. Wana tuzo pia kwa dawa yenye faida ya kweli, na kuna miaka tuzo ile kubwa haipati mtu.

Chukueni dawa ya Mediator. Iliuzwa kule tangu 1976, wakaimeza wenye kisukari na wengi waliotaka tu kupunguza mwili. Prescrire iliitilia shaka miaka mingi kabla ya wengine. Kumbe ilikuwa inaharibu moyo. Daktari wa mapafu wa mji wa Brest, Irène Frachon, alishika habari ile hakuiachia, na mwaka 2009 dawa ikaondolewa sokoni. Mwaka 2021 mahakama ya Paris ikahukumu kiwanda chenyewe. Gazeti linalolishwa na kiwanda lingeandika vile?

Sisemi muuzaji wetu ni mtu mbaya. Anauza, ndiyo kazi yake. Lakini mama wa kijijini akisoma kwetu kwamba sindano fulani inafaa, atauza kuku wake aende kuinunua, kwa sababu ni sisi tuliosema. Akiumia, atamwuliza nani?

Mimi naomba tuchape karatasi mbili badala ya nne, na kila mwanachama atoe kidogo. Muuzaji akitaka kusaidia, asaidie kama mwanachama mwingine, bila ukurasa. Wafadhili, nanyi msikasirike: mkitulipia karatasi, aksanti sana, lakini msituchagulie maneno.

Kura ni baada ya chakula. Kikapu kiko pale mlangoni, mimi nimeshaweka franka elfu tano.