Mbwa Mdogo au Mbwa Mkubwa?

Kila mmoja na ashike kalamu na daftari lake. Somo letu la leo linahusu kuchagua mbwa wa kufuga nyumbani.

Mtu akikuletea kikapu cha watoto wa mbwa, wote utawaona wazuri. Wote ni laini, na kila mmoja waweza kumpakata. Hapo ndipo wengi hununua kwa macho. Ndugu, usimtazame mtoto wa mbwa alivyo leo. Fikiri atakavyokuwa akikua.

Tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni Chihuahua, mbwa mdogo mwenye asili ya Mexico. Akikomaa huwa na uzito wa kilo 3 hivi, kama jogoo mkubwa. Wa pili ni Jemani Shepadi, mbwa mkubwa mwenye asili ya Ujerumani, ambaye polisi wa nchi nyingi humtumia. Dume lake hufika kilo 30 hadi 40.

Kwanza, chakula. Fanyeni hesabu. Tuseme mbwa mdogo anakula gramu 60 za chakula kikavu cha dukani kwa siku, na mkubwa gramu 360. Kwa siku 30, mdogo atakula kilo 1 na gramu 800. Mkubwa atakula kilo 10 na gramu 800. Dawa ya minyoo nayo hutolewa kwa kadiri ya uzito. Basi uulize mfuko wako kabla ya kuuliza moyo wako.

Pili, nafasi. Mkubwa anahitaji ua na kutembezwa kila siku. Akifungwa mnyororo mchana kutwa na usiku kucha, huweza kuwa mkali, na atakayeumwa huenda akawa mtoto wako au wa jirani. Mdogo hutosheka na chumba na matembezi mafupi, lakini baridi humsumbua.

Tatu, watu wa nyumbani. Mkubwa anaweza kumwangusha mzee au mtoto kwa kucheza tu. Mdogo naye akiangushwa na mtoto, huvunjika mfupa. Wafikirieni na majirani. Kama ni Waislamu, mbwa wako asizurure penye vyombo vyao na mahali pao pa sala.

Nne, miaka. Kwa kawaida mbwa wadogo huishi zaidi kuliko wakubwa. Chihuahua aweza kufika miaka 14 na kuzidi. Jemani Shepadi mara nyingi huishi miaka 9 hadi 13. Mtoto anayeanza shule leo atakuwa kijana mzima, na mbwa yule mdogo bado anangoja chakula mlangoni.

Wengine husema, "Mimi nataka mlinzi, basi mkubwa." Ni kweli, mdogo hawezi kumzuia mwizi. Lakini hubweka akawaamsha wenye nyumba. Na mkubwa mwenye njaa, asiyefunzwa, si mlinzi, ni hatari.

Kuna jambo moja lisilojali ukubwa, nalo ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Jino la mbwa mdogo laweza kuleta ugonjwa huu sawa na la mkubwa. Kwa hiyo mpeleke mbwa wako kwa bwana mifugo achanjwe, na chanjo irudiwe kama atakavyokuelekeza. Mtu akiumwa, oshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, asingoje.

Sasa andikeni majibu, halafu mjadiliane na mwalimu wenu:

1. Nyumbani kwako kuna nafasi gani kwa mbwa?
2. Chakula chake kwa mwezi kitakugharimu shilingi ngapi?
3. Nani atamtunza ukiwa safarini?

Ukikosa jibu la swali moja, usinunue bado. Afadhali kukaa bila mbwa kuliko kumtupa barabarani mwakani.

Kwaherini, ndugu, na someni kwa bidii.