Tupime Kwanza, Tujenge Baadaye
Hotuba ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati ya Fedha, siku ya harambee ya mwaka

Kamati ya fedha tumepewa dakika kumi na tano, na harufu ya nyama tayari imefika humu ndani, kwa hiyo tutajitahidi.

Kila mwaka huwa tunaanza na mapato. Mwaka huu tunaomba tuanze na hasara.

Wengi mnakikumbuka kioski cha maji tulichojenga kando ya barabara ya Tarime kwenda Mugumu. Tulichanga, tukaweka tangi la lita 5,000, na siku ya kuzindua tukachinja ng'ombe. Mama zetu walichota pale kwa miaka minne hivi. Kisha wakaja wapima barabara na rangi nyekundu, wakaandika X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua eneo la hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara kuu na za mkoa. Sisi tulijenga miaka kadhaa baada ya sheria hiyo, na tulipokwenda kupima kwa kamba, kwa aibu, tukakuta tulikuwa kwenye mita 26. Fidia hakuna. Wa kumlaumu hakuna. Kwenye vitabu tumefuta shilingi milioni 9, na mtaliona hilo kwenye ukurasa wa mahesabu bila kufichwa.

Kilichotuuma si fedha peke yake. Kati ya watu wote tuliochanga, wakiwemo wahandisi wawili na mwanasheria, hakuna aliyeuliza ramani iko wapi.

Ndugu zetu, barabara hiyo ni ya kilomita 87 hivi, na tumeililia tangu tukiwa wanafunzi tunaosukuma basi kwenye matope. Sasa lami inakuja kwa vipande, na kipande cha Mogabiri hadi Nyamongo mnakijua. Tunafurahi. Lakini lami ina tabia yake. Ikikaribia, kiwanja kinapanda bei, na mzee mwenye ekari mbili anazigawa kwa wanawe wanne, kila mmoja akitaka uso wa barabara. Nyuma yao wanajenga wengine, na nyuma ya hao wengine tena. Baada ya miaka kumi kuna mji, lakini hakuna njia ya kuuingia. Sirari umekua kwa mpaka, Nyamongo kwa dhahabu, Mugumu kwa kuwa jirani wa hifadhi. Vijiji vyetu vya katikati vitakua kwa lami hii, na tunayo miaka michache tu ya kutangulia.

Sisi tunaoishi huku hatuhitaji kuelezwa mwisho wake. Wengine humu tulianzia maisha kwenye vyumba vya kupanga Manzese na Tandale, ambako gari la kunyonya majitaka halifiki mlangoni, na jeneza lazima liinamishwe ili lipite kwenye kona. Mwaka 2017 tuliona nyumba kuanzia Kimara kwenda Kiluvya zikibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Humu ukumbini wamo waliobomolewa. Kuuhamisha mji uliokwisha kujengwa ni machozi, wakati kuuchora mji ambao bado ni shamba la mahindi ni kazi ya wiki chache na vigingi.

Na maji hufuata njia. Mugumu inategemea bwawa la Manchira, na mradi mkubwa wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa India, umeutaja Mugumu pamoja na Tarime na Rorya. Bomba kubwa likifika, yatabaki mabomba madogo ya kwenda kwa watu, nayo hulazwa kandokando ya barabara za mitaa. Pasipo na barabara ya mtaa, bomba litapita kwenye migomba ya mtu, na mwenye migomba atadai, na ninyi mnatujua Wakurya tunavyodai.

Kuhusu chemchemi tutasema kwa kifupi, maana mada hii ilishasemwa sana: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mto Mara unaanzia Mau, Kenya, na kila tarehe 15 Septemba tunaadhimisha Siku ya Mara pamoja na wenzetu wa huko. Ni vizuri. Lakini hatuwezi kuwadai wa Mau watunze msitu, huku sisi tumelima vitunguu hadi kwenye ukingo wa kijito kinachotunywesha.

Sasa mapendekezo. Baadhi yenu mlitaka fedha za mwaka huu zijenge ukumbi wa chama nyumbani. Tumelijadili kwa vikao vitatu, na vingine havikuwa vya upole. Kamati inashauri ukumbi usubiri. Sehemu ya kwanza ya fedha iende kwenye kupanga na kupima eneo la sokoni na vitongoji viwili vinavyolizunguka, kwa kushirikiana na maofisa mipango miji na ardhi wa halmashauri. Mamlaka ya kupanga ni yao. Sisi tutagharamia mikutano ya wananchi, kazi ya kupima na mawe ya mipaka.

Sehemu ya pili ni matangi ya mvua kwenye shule za msingi. Hesabu yake ni hii, na mtoto wa darasa la saba anaweza kutukagua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 150, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ni lita 150,000. Tukitoa moja ya tano kwa upotevu zinabaki 120,000. Shule ya watoto 600 ni lita 200 kwa kila mtoto, yaani kama lita moja kwa kila siku ya masomo. Ni maji ya kunywa na kunawa kidogo, basi. Vyoo havitatosheka, na tusimdanganye mwalimu mkuu. Tena kwa kila shilingi mia ya tangi, ishirini zitakaa kwenye akaunti ya matengenezo, kwa sababu tunazo pampu mbili zilizolala kwa kukosa kipuri tu.

La mwisho ndilo gumu. Mwezi Desemba tulitembea na mpima kuanzia sokoni hadi kisimani, njia ambayo zamani ng'ombe ishirini walipita sambamba. Leo pikipiki mbili haziwezi kupishana, na mjamzito hushushwa kwenye bodaboda atembee kipande kilichobaki. Tuliorodhesha kuta na nyua zilizoingia njiani. Tano ni za wanachama wa chama hiki, tunaoishi mjini na kwenda nyumbani kwa sikukuu. Mmoja wa ukuta huo ulikuwa wa mjumbe wa kamati hii. Umeshavunjwa, na alilipa fundi mwenyewe. Minne imebaki. Majina hatutayasoma hapa, ila wenyewe tumewapigia simu, na wawili wamekubali.

Mpango utahitaji mita mbili, pengine tatu, kutoka kwa kila kiwanja kwenye njia hizo. Hatuna fedha za kuzinunua. Tukijaribu kuzinunua, harambee kumi hazitatosha. Lazima zitolewe, na hatuwezi kumwomba bibi wa kijijini atoe mita zake kabla ya sisi kutoa zetu.

Kwa hiyo fomu za ahadi mtakazoletewa sasa hivi zina sehemu mbili. Ya juu ni ya fedha, kama mlivyozoea. Ya chini inauliza kama una kiwanja kwenye eneo hilo na utatoa mita ngapi, na ina nafasi ya sahihi yako na ya mwenzi wako, kwa kuwa ardhi ni ya wote wawili. Katibu ana kalamu za kutosha. Tutaanza na meza ya wazee, kisha kamati.