Rubani wa Ndege Anapotaka Kuhamia Helikopta: Namna ya Kuchagua Skuli



Kamati imenitaka niseme machache juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona kuwa ni la watu wachache. Hata hivyo, katika ukoo wetu wapo wawili hivi sasa, mmoja wa hapa na mmoja wa Maskati, ambao wamerusha ndege za mabawa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, nao wanataka kuhamia helikopta. Mmoja wao yu tayari kuiweka nyumba rehani. Kwa kuwa fedha hizo ni za watoto wake na roho ni yake, nimeona si vyema kunong'onezana pembeni, na wao wenyewe wameridhia nilizungumze mbele yenu. Mimi niliipita njia hiyo nikiwa na umri wa miaka 43, baada ya kusafirisha mizigo ya usiku kwa muda mrefu.

Nianze na sheria, kwani ni fupi. Hapa Marekani, mwenye leseni ya biashara ya ndege anayetaka kuongeza helikopta kwa daraja hilo hilo hasamehewi mtihani wa kurusha, lakini husamehewa ule wa kuandika. Anatakiwa awe na saa zisizopungua 50 katika helikopta, na 35 kati ya hizo awe yeye ndiye rubani mkuu wa chombo. Hapo ndipo skuli nyingi zinapotangaza kwa herufi kubwa: "Saa 50 tu!" Tangazo si la uongo, ila limeficha jambo. Asiyekuwa bado na idhini ya helikopta kwa kawaida huhesabiwa rubani mkuu pale anaporuka peke yake. Kwa sababu hiyo skuli yenye busara humpitisha kwanza katika daraja la leseni binafsi. Akisha kufaulu, saa anazorusha yeye, hata mwalimu akiwa ubavuni, huingia katika hesabu ya zile 35. Muulizeni mkuu wa skuli atakupitisheni njia gani. Akibabaika katika swali hili, sioni haja ya kumuuliza la pili.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Rubani mkongwe wa ndege ni mwanafunzi wa hatari kuliko kijana asiyejua kitu. Sisemi haya kwa mzaha. Kampuni ya Robinson, iliyoanzishwa California mwaka 1973 na ambayo R22 yake ndiyo helikopta iliyofundisha watu wengi katika nchi hii, imetenga tangazo zima la usalama kwa ajili yetu sisi watu wa mabawa. Sababu ni mikono yetu. Katika ndege, honi ikilia kwamba bawa linakaribia kukosa upepo wa kulibeba, mkono husukuma usukani mbele bila ya kuiuliza akili. Katika R22 nayo imo honi, lakini hiyo hulia kusema kwamba panga za juu zinapungua kasi ya mzunguko. Dawa yake ni kuongeza moto wa injini na kuushusha wenzo wa mkono wa kushoto. Kusukuma mbele ni kuufuata msiba.

R22 ina panga mbili tu, zilizokaa juu ya mlingoti wake kama mikono ya mzani. Usukani ukisukumwa mbele kwa ghafla, mwili wa chombo huwa kama umepoteza uzito, na panga haziubebi tena. Rota ya mkiani haiachi kusukuma, hivyo chombo hulala upande wa kulia. Rubani wa ndege atapeleka usukani kushoto upesi, kama alivyozoea maisha yake yote, na kitovu cha panga kitaugonga mlingoti. Mlingoti ukikatika, hakuna anayerudi kusimulia. Anayefundishwa sawasawa huurudisha usukani nyuma taratibu kwanza, panga zikaubeba mwili tena, kisha ndipo anapokinyoosha chombo. Na mashine ikizimika angani, wenzo wa kushoto ushushwe papo hapo; anayengoja sekunde mbili amekwisha kuchelewa.

Ajali za namna hii ndizo zilizoifanya serikali mwaka 1995 kuweka kanuni maalumu kwa helikopta za Robinson. Mwalimu wa R22 lazima awe na saa 200 za helikopta, 50 kati yake katika R22 yenyewe. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na walimu wengi ndio kwanza wamekivuka. Basi swali langu kubwa kwa skuli yoyote lilikuwa hili: mwalimu mtakayenipa amewahi kufundisha watu wangapi waliotoka katika ndege, na aliwafundisha nini kwanza? Skuli moja walinijibu kwamba mtu mwenye saa 7,000 atamaliza upesi. Nikawaaga. Skuli nyingine walinipa msichana wa miaka 24, umri wa binti yangu mkubwa, naye siku ya kwanza akaniambia kwa adabu kwamba saa zangu 7,000 niziache garini. Hapo nikalipa. Katika mila zetu si jambo jepesi mtu mzima kukaripiwa na mtoto, na walimu vijana nao huona haya kumkosoa rubani mwenye mvi. Haya hiyo ndiyo inayoua. Kaeni na mwalimu saa moja kabla ya kutia saini, mtazame kama anaweza kukuambieni "hapana".

Kwa upande mwingine, msikubali kuuziwa mnachokijua. Redio, hali ya hewa, ramani na sheria za anga havibadiliki sana. Skuli inayowatoza darasa zima la mambo hayo inawala fedha zenu.

Na tukitaja fedha: R22 pamoja na mwalimu huzidi dola 300 kwa saa katika skuli nyingi, kwa hiyo saa 50 peke yake ni zaidi ya dola 15,000, na ni wachache wanaomaliza kwa saa 50. Lipeni kwa kadiri mnavyoruka. Februari 2008 skuli kubwa yenye makao yake Nevada ilifunga milango kwa ghafla, na wanafunzi waliokwisha kukopa makumi ya maelfu ya dola wakabaki na deni bila ya leseni. Yeyote anayeshikilia mlipe zote kwanza, hata akipunguza bei, muachieni punguzo lake.

Ombeni pia kuviona vyombo na vitabu vyake. R22 hufumuliwa na kuundwa upya kila baada ya saa 2,200 au miaka 12. Skuli yenye vyombo viwili vinavyokaribia kikomo pamoja itakuacheni mkisubiri miezi mingi, na mkono uliokwisha kujifunza kuelea mahali pamoja husahau. Tena kiti cha R22 hakikubali zaidi ya ratili 240, yaani kilo 109 hivi. Waliozidisha biriani la jana wajipime kabla ya kupiga simu.

Kuhusu ajira niseme wazi, hasa kwa wake waliopo. Kampuni za ambulansi za anga kwa kawaida hutaka zaidi ya saa 1,000 za helikopta, na miaka yenu ya ndege haizibi pengo hilo. Njia ya kawaida ni kufundisha kwa muda, kwa mshahara ambao nahodha ataona aibu kuutaja. Kwa hiyo chagueni skuli inayowaajiri wahitimu wake, na msikubali ahadi ya mdomo. Ulizeni ni wangapi wa mwaka jana wanaofundisha hapo leo, mkazungumze nao faraghani.

Ndugu yetu wa Maskati ana mambo mawili zaidi. Si kila skuli ya hapa ina idhini ya kupokea wanafunzi wa viza, na asiye raia huenda akahitaji kuchunguzwa na idara ya usalama kabla ya kuanza. Tena leseni ya Marekani haitumiki Oman wala Uingereza moja kwa moja. Aiulize kwanza mamlaka ya nchi atakayofanyia kazi, apewe jibu la maandishi.

Kuhusu nyumba, rai yangu ni kwamba isiwekwe rehani kabla ya saa kumi za mwanzo, zilizolipwa moja moja kutoka mfukoni. Baada ya sala ya adhuhuri nitakuwa katika chumba kidogo cha nyuma, na vitabu vyangu vya saa ninavyo. Wake zenu nao waje.